Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupinga Uamuzi wa Mwongozaji katika Mazungumzo ya Mtaa kuhusu Dawa za Kulevya, Kigoma Ujiji

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali ambayo wakazi wa Gungu, Mwanga, Kibirizi, Katonga na Ujiji yenyewe huyarudia kila baada ya mkutano, hasa wale waliokatizwa wakiwa katikati ya maneno yao na kurudi nyumbani na kinyongo. Kinyongo hicho tunakichukulia kwa uzito. Mzazi aliyenyamazishwa bila kuelezwa sababu hatarudi mkutanoni, na kijana aliyenyamazishwa atalipeleka swali lake kijiweni, ambako atajibiwa na mtu anayeuza.

## Mambo ya msingi

1. Mazungumzo haya ni ya nini, na waongozaji ni akina nani?

Ni mikutano ya wakazi inayofanyika Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, ambapo wazazi, vijana, wavuvi, akina mama wa sokoni, walimu na watu waliowahi kutumia dawa za kulevya hukaa pamoja kuzungumza jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa minong'ono. Si mkutano mkuu wa mtaa, si baraza la kesi, wala si kliniki. Waongozaji ni wakazi wenzenu waliochaguliwa na washiriki. Kila mkutano huwa na wawili, mmoja akigawa zamu za kusema na mwingine akiandika katika daftari.

2. Ni dawa zipi zinazozungumzwa? Je, pombe na tumbaku zimo?

Zinazungumzwa zote zinazowasumbua watu wa hapa: bangi, mirungi, heroini ambayo wengi huiita unga, vidonge vya tramadoli na valiamu vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari, na gundi au petroli inayonuswa na watoto wa mitaani. Mirungi ni zao halali nchini Kenya, lakini kwetu ni haramu, na mara nyingi ugomvi huanzia hapo kwa sababu msafiri aliyeiona ikiuzwa hadharani ng'ambo ya mpaka hudhani kwamba hata hapa ni ruhusa.

Pombe na tumbaku zinaruhusiwa na sheria, isipokuwa gongo inayopikwa majumbani bila kibali, na zote zinaweza kuzungumzwa pale zinapohusiana na hoja iliyopo. Mwongozaji akikukatiza kwa kusema tu kwamba pombe si dawa ya kulevya, una haki ya kupinga, kwa maana mchanganyiko wa pombe na vidonge ni katika mambo yanayoua watu upesi zaidi.

3. Mwongozaji ana mamlaka gani hasa?

Ana mamlaka matatu na si zaidi. Anaweza kukatiza maneno yanayovunja kanuni, anaweza kuahirisha jambo ili lizungumzwe faraghani baada ya mkutano, na anaweza kumwomba mtu atoke kwa siku hiyo. Hana mamlaka ya kumfungia mtu mikutano ijayo kwa uamuzi wake peke yake, wala ya kumripoti mtu popote kwa jina la mkutano, wala ya kumwambia mtu kwamba swali lake ni la kipumbavu. Kila anapotumia mojawapo ya mamlaka hayo matatu anapaswa kutaja kanuni aliyoitumia, na mwenzake anapaswa kuiandika hapo hapo.

4. Je, kumpinga mwongozaji si utovu wa adabu, hasa akiwa mtu mzima kuliko mimi?

Hili huulizwa zaidi na vijana na akina mama, na tunaelewa linakotoka. Hapa kwetu kijana hamjibu mzee mbele za watu, na sisi hatutaki mkutano uiondoe heshima hiyo. Hata hivyo, kuomba sababu si kumjibu mzee. Unaweza kusimama na kusema, "Shikamoo mzee, nimekubali kukaa, ila naomba iandikwe kwamba sikuridhika na ninaomba sababu," kisha ukakaa. Maneno hayo yanatosha kuufungua mlango wa mapitio, yaani uamuzi kuangaliwa upya na wapitiaji watatu (tazama swali la 14), na hakuna mzee atakayesema amevunjiwa heshima. Unachokatazwa ni kuendelea kubishana baada ya hapo, kwa sababu wengine nao wanasubiri zamu.

Binafsi naamini kwamba haki hii ndiyo inayoifanya mikutano yetu iwe tofauti na mawaidha. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki ya mtu inapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Kikundi cha mtaa si mahakama, lakini hatukuona sababu ya kuwatendea majirani zetu kwa kiwango cha chini ya hicho.

## Maneno yanayozuiwa, na pale waongozaji wanapokosea

5. Niliuliza kipimo cha dawa nikakatizwa. Je, vipimo haviruhusiwi kabisa?

Inategemea swali linaomba nini. Kanuni yetu inazuia maelezo yanayomfundisha mtu namna ya kulewa: vidonge vingapi, vichanganywe na nini, vitumike kwa njia gani ili vishike haraka. Kanuni hiyo hiyo haizuii maelezo yanayomsaidia mtu asife. Tatizo ni kwamba maswali hayo mawili yanaweza kutamkwa kwa maneno yanayokaribiana, na mwongozaji mwenye haraka huyakatiza yote.

Chukua mfano wa mvuvi aliyeuliza ni tramadoli ngapi mtu akinywea gongo ndipo hupoteza fahamu. Alikatizwa palepale. Alipoomba mapitio alieleza kwamba wenzake huvimeza vidonge hivyo ili wasisikie uchovu wa kuvuta nyavu usiku kucha, na mmoja wao alikuwa ameanguka ndani ya mtumbwi akitetemeka mwili mzima. Hakuwa akitafuta ulevi. Alikuwa akitafuta mpaka wa hatari. Wapitiaji walikubali kwamba idadi isitajwe, kwa kuwa hakuna idadi iliyo salama ya kumpa mtu anayekunywa pombe, lakini waliagiza jambo lenyewe lielezwe katika mkutano uliofuata: kwamba tramadoli ni dawa halali ya maumivu inayotolewa kwa cheti, kwamba ikizidi inaweza kuleta degedege na kupunguza pumzi, kwamba pombe huiongezea hatari hiyo, na kwamba mtu anayetumia vidonge hivyo hafai kuachwa alale peke yake mtumbwini.

Kwa hiyo ukiuliza kuhusu kipimo, anza kwa kueleza unataka kujua kwa sababu gani. Mwongozaji naye amefundishwa kuuliza, "Unataka kujua ili nini?" kabla ya kukatiza. Asipouliza, hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kuomba mapitio.

6. Je, naweza kutaja bei ya kete au kijiwe kinapouzwa unga?

Hapana. Kutaja bei na mahali ni kuwaelekeza wanunuzi, hata kama nia yako ni kulalamika. Kama una taarifa kuhusu biashara hiyo, ipeleke kwa polisi kata au piga simu 119, ambayo ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Uamuzi wa aina hii hatuupitii tena, isipokuwa unadai kwamba hukutaja bei wala mahali.

7. Kwa nini nilizuiwa kumtaja kwa jina mtu ambaye mtaa mzima unajua kwamba anauza?

Kwa sababu "mtaa mzima unajua" si ushahidi, na jina likishatamkwa mbele ya watu mia moja halirudi. Wengi mnakumbuka Februari 2017, majina ya watuhumiwa yalipotangazwa hadharani Dar es Salaam na nchi nzima ikaingia katika mjadala kuhusu haki ya mtu anayetajwa kabla ya kuchunguzwa. Katika mji kama wetu, ambako mtu akitajwa Mwanga saa kumi habari huwa imefika Ujiji kabla ya Magharibi, madhara huwafikia hata watoto wake shuleni.

Zaidi ya hayo, anayetaja jina hujiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kumchafulia mwenzake jina, au ya kulipiziwa kisasi, na kikundi hakina uwezo wa kumlinda. Njia zilizotajwa katika swali la 6 ni salama zaidi kwake.

Hata hivyo kuna kosa moja ambalo waongozaji wamelifanya zaidi ya mara moja. Kusema "ndugu yangu anatumia" au "mwanangu alikamatwa" si kumtaja mtu kwa tuhuma. Ni mtu kueleza maisha ya nyumbani kwake. Ukikatizwa kwa kusema hivyo, pinga. Mwongozaji anaweza kukushauri usitaje jina la mtoto kwa faida yake, lakini hawezi kukuzuia kueleza yaliyokupata.

8. Nilitetea bangi ihalalishwe nikaambiwa ninahamasisha uhalifu. Je, ni sawa?

Si sawa, na mapitio ya aina hii kwa kawaida humpa haki mlalamikaji. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi, na kila mshiriki anapaswa kulijua hilo. Lakini kusema kwamba sheria ibadilishwe ni maoni, na sheria zote tulizonazo zilitungwa na zinaweza kurekebishwa. Hii ya 2015 yenyewe ilichukua nafasi ya ile ya 1995. Mtu akisimama na kueleza kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa mtu mzima kutumia bangi faraghani kusiwe kosa la jinai, anasema jambo la kweli, na anayempinga amjibu kwa hoja.

Mpaka ni huu: unaweza kuwaambia watu kwamba sheria ni mbaya, lakini huwezi kuwaambia waivunje wakitoka hapa. Pia huwezi kudai kwamba bangi haina madhara kabisa na kuzuia wengine wasikujibu, kwa maana wapo mkutanoni wazazi wenye vijana waliochanganyikiwa akili baada ya kuivuta kwa muda mrefu tangu wakiwa wadogo, na nao wana haki ya zamu yao.

9. Mimi niliwahi kutumia unga. Naweza kueleza, au nitakatizwa?

Unaweza, na tunakukaribisha kwa moyo wote. Hakuna anayewasaidia wazazi kuelewa kama mtu aliyepita njia hiyo. Tunaomba usieleze namna ya kuandaa na kujidunga, na usijibu kama mtu akikuuliza ulikuwa ukinunua kwa nani. Mwongozaji akikukatiza kwa sababu tu maelezo yako yanatia uchungu, au kwa sababu mtu fulani mbele amejisikia vibaya kusikia habari za arosto (mateso ya mwili mtu anapokosa dawa aliyoizoea), hilo si kosa lako na unaweza kupinga. Kuhusu kuwapo kwa polisi mkutanoni, tazama swali la 17.

10. Nilishauri kijana afungiwe ndani mpaka arosto imwishe. Kwa nini nilizuiwa, wakati wazazi wengi hufanya hivyo?

Tunajua hufanywa, na hufanywa kwa upendo na kukata tamaa. Ulizuiwa kwa sababu ushauri huo unaweza kuua, na mwongozaji alikuwa sahihi kukukatiza ingawa angepaswa kukueleza sababu.

Arosto ya heroini huleta jasho, miayo, makamasi, maumivu ya viungo, tumbo kukata, kutapika na kuharisha. Kwa kawaida mateso hayo peke yake hayaui, lakini mtu anayetapika na kuharisha siku kadhaa akiwa amefungiwa bila maji ya kutosha anaweza kufa kwa kupungukiwa maji mwilini. Aliyezoea pombe nyingi kila siku, au vidonge kama valiamu, yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Mzazi hawezi kujua kwa macho mwanawe ametumia nini na nini. Hatari ya tatu huja baadaye: mwili uliokaa wiki chache bila unga husahau kuuzoea, na kijana akitoroka na kurudia kiasi kile kile cha zamani, kiasi hicho humzidi nguvu. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya mtu kutoka kifungoni ni za kuogopwa sana.

Nchini mwetu matibabu kwa kutumia methadoni, dawa anayopewa mraibu na wahudumu wa afya badala ya heroini, yalianza Muhimbili mwaka 2011, na baadaye yakafikishwa katika miji mingine. Kwa hapa, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, ambako utaelezwa hatua inayofuata. Kama hukubaliani na methadoni na unaiona ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, sema hivyo kwa uhuru. Hayo ni maoni na hayazuiwi. Kinachozuiwa ni kumwambia mtu aliyeko kwenye matibabu aiache bila kumwona mhudumu wake.

11. Mama mmoja alinyamazishwa alipouliza afanye nini mwanawe anapozidiwa. Uamuzi ule ulikuwa wa haki?

Haukuwa wa haki, na ulitenguliwa. Tunaurudia hapa kwa ruhusa yake kwa sababu watu wengi bado wanauuliza. Mama alikuwa ameanza kueleza jinsi alivyomkuta mwanawe chooni, midomo imebadilika rangi na anakoroma kwa mbali, na mwongozaji akamkatiza kwa kuwa watoto wawili walikuwa wamesimama dirishani wakisikiliza. Kuwaondoa watoto dirishani kungechukua dakika moja. Badala yake mama aliambiwa akae, na akakaa huku ameshika upindo wa khanga yake mdomoni mpaka mkutano ukaisha. Wengine walioondoka siku hiyo waliondoka bila kujua la kufanya.

Wapitiaji waliamua kwamba tangu siku hiyo swali lolote la kuokoa maisha lijibiwe kwanza, na hoja ya kanuni ije baadaye. Jibu lenyewe ni hili. Mtu aliyezidiwa na unga au vidonge vya jamii hiyo huwa hashtuki akiitwa kwa sauti wala akisuguliwa kwa nguvu kwenye mfupa wa kifua, pumzi zake huwa chache au za kukoroma, na mboni za macho huwa ndogo sana. Ita msaada wa kumfikisha hospitali mara moja, hata kama ni kwa bodaboda ya watu watatu. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, mwinue kidevu, mzibe pua na umpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, mpaka msaada ufike. Usimnyweshe maziwa, maji ya chumvi wala mafuta ya mawese, kwa sababu mtu asiye na fahamu hawezi kumeza na vitaingia kwenye mapafu. Usimwache peke yake hata akionekana kuzinduka. Waambie wahudumu ukweli kuhusu alichotumia. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi ya mtu aliyezidiwa na heroini, lakini ni lazima wajue wanatibu nini.

## Namna ya kupinga

12. Nianzie wapi, na nina muda gani?

Tamka palepale kwamba hukuridhika, kama ilivyoelezwa katika swali la 4, ili liingie daftarini. Baada ya mkutano mwendee yule aliyekuwa akiandika akusomee alichoandika kuhusu uamuzi huo. Daftari lina sehemu nne kwa kila uamuzi: tarehe, maneno yaliyozuiwa kwa kifupi, kanuni iliyotumika, na sababu. Sehemu ya sababu ikiwa tupu, mapitio huanza na mwongozaji akiwa na deni la maelezo. Jina lako haliandikwi. Huandikwa "mshiriki" tu, isipokuwa wewe mwenyewe ukitaka liandikwe.

Lalamiko lifike kwa wapitiaji kabla ya mkutano unaofuata. Kama ulikuwa safarini, ziwani au shamba, utasikilizwa ukirudi.

13. Sijui kuandika vizuri, na Kiha ndicho ninachokisema kwa ufasaha. Je, nitasikilizwa?

Ndiyo. Lalamiko la mdomo lina uzito sawa na la maandishi, na mmoja wa wapitiaji daima ni mtu anayejua Kiha. Anaweza pia kuja nawe ndugu au rafiki akusaidie kusema.

14. Nani anayepitia uamuzi? Au ni mwongozaji yule yule?

Hawezi kuwa yeye. Wapitiaji ni watatu, wanachaguliwa na washiriki kwa zamu, na angalau mmoja awe mtu ambaye yeye mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake amewahi kuishi na uraibu. Sharti hili lilibishaniwa sana, lakini ninalitetea bila kusita: watu ambao jambo hili halijawahi kufika mlangoni kwao huwa wepesi kuona kila swali ni uchochezi.

Wapitiaji humsikiliza mlalamikaji, humsikiliza mwongozaji, husoma daftari, kisha hutoa jibu kwa sababu zinazoeleweka. Jibu linaweza kuwa kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, au haukuwa sahihi, au ulikuwa sahihi ila ulitolewa vibaya. Hili la tatu hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na mfano wake uko katika swali la 10.

15. Nikikubaliwa, hutokea nini? Na nikikataliwa?

Ukikubaliwa, unarudishiwa zamu yako mwanzoni mwa mkutano unaofuata, na mwongozaji mwenyewe ndiye hutangaza kwamba uamuzi wake umetenguliwa. Hatumdhalilishi wala hatumwondoi kwa kosa moja. Ukikataliwa, unapewa sababu, na unaweza kuliuliza jambo lilelile kwa namna isiyovunja kanuni. Huwezi kulipitisha lalamiko lilelile mara ya pili bila jambo jipya.

## Hali ngumu

16. Mwongozaji ni jamaa wa mtu anayeguswa na hoja yangu. Nifanyeje?

Sema kabla hujaanza kuzungumza, na mwongozaji wa pili atashika nafasi. Katika mji ambao karibu kila mtu ni mkwe wa mtu, hatuwezi kutaka waongozaji wasio na jamaa. Tunachotaka ni wapishe.

17. Polisi wakiwapo, ninalindwa na kanuni za mkutano?

Tunapaswa kuwa wakweli hapa. Hakuna kanuni yetu inayoweza kukukinga na sheria ya nchi, na waongozaji si mawakili. Kueleza kwamba zamani ulitumia ni jambo moja. Kusema una nini mfukoni leo ni jambo jingine, na mwongozaji akikukatiza hapo anakusaidia. Askari anayekuja anaombwa ajitambulishe mwanzoni ili kila mtu apime maneno yake. Asipotambulishwa na mwongozaji akawa anamjua, hilo ni lalamiko zito na wapitiaji hulishughulikia kabla ya mengine yote.

Anayeingia na kete au msokoto huombwa atoke nao mara moja. Hilo halipitiwi. Akizuiwa kurudi wiki inayofuata bila chochote mfukoni, hilo anaweza kulipinga.

18. Nilitolewa nje kwa madai kwamba nimelewa, kumbe nilikuwa na arosto.

Hili hutuumiza kila linapotokea. Mtu anayetetemeka, anayetoka jasho na asiyeweza kukaa mahali pamoja huonekana kwa wengine kama mlevi, na kumbe siku hiyo ndiyo aliyojikaza asitumie na akaja kutafuta msaada. Mwongozaji hapaswi kumtoa mtu anayeumwa. Anapaswa kumpatia maji na mahali pa kukaa pembeni, kumtafutia mtu wa kumsindikiza hospitali, na kumuuliza kwa sauti ya chini anahitaji nini. Anayetolewa ni yule anayewatisha wengine au kuwavuruga, awe amelewa au hajalewa. Kama ulitolewa ukiwa katika hali hiyo, huhitaji kuja mwenyewe kulalamika. Yeyote aliyeona anaweza kulalamika kwa niaba yako.

19. Mtoto anaweza kuuliza swali, na anaweza kupinga uamuzi?

Ndiyo kwa yote mawili, akiwa na mtu mzima anayemwamini. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Kuna mambo ambayo huahirishwa mpaka watoto watoke, lakini kuahirisha kusigeuke kisingizio, kama ilivyokuwa katika swali la 11. Mtoto akianza kusema kwamba anatumwa kupeleka vifurushi, mwongozaji amkatize kwa upole na kumpeleka faraghani kwa mtu wa ustawi wa jamii, kwa usalama wake. Namba 116 ni ya bure kwa ajili ya kuwasaidia watoto.

20. Mimi ni mgeni kutoka Burundi au Kongo. Nina haki hizi pia?

Unazo zote. Ukikatizwa kwa kuambiwa kwamba "wageni ndio wanaoleta dawa", aliyekosea ni msemaji wa maneno hayo, na ndiye alipaswa kukatizwa.

21. Je, ninaweza kupinga kanuni yenyewe, si uamuzi tu?

Unaweza. Wapitiaji hawana uwezo wa kubadilisha kanuni. Wao huangalia tu kama ilitumika ipasavyo. Kanuni hubadilishwa na washiriki wote katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, baada ya pendekezo kusomwa katika mkutano uliotangulia ili watu walifikirie. Sharti la mwongozaji kuuliza "Unataka kujua ili nini?" lililoelezwa katika swali la 5 liliingia kwa njia hiyo, kutokana na pendekezo la mshiriki aliyekuwa amekataliwa na wapitiaji na hakukubali kuliacha jambo hapo. Pendekezo linapelekwa kwa mwandishi wa daftari, kwa mdomo au kwa maandishi, na anawajibika kulisoma kama lilivyotolewa.